Kutoka mkekani hadi mezani: mwongozo wa wiki 12 wa kupeleka mazoezi ya sanaa za Kijapani kwenye kazi yako

Sanaa za Kijapani mara nyingi huchukuliwa kwa mdomo tu. Mtu anajifunza maneno matatu manne, anayabandika ukutani ofisini, na mwezi ukiisha kazi yake iko palepale. Lakini sanaa hizi hazikujengwa kwa maneno. Judo, karate, upinde wa kyudo, maandishi ya brashi ya shodo na chai ya chado zote hufundishwa kwa njia moja: kitendo kidogo chenye umbo lililokwisha kupangwa, kinachorudiwa saa ileile, mbele ya jicho la mtu anayejua kuliko wewe, kisha kinafungwa vizuri kabla ya kwenda nyumbani. Mazoezi ya namna hiyo Wajapani huyaita keiko. Hayo ndiyo ya kuchukua. Utahitaji wiki 12, dakika 20 hadi 30 kila siku ya kazi, daftari moja, na mtu mmoja wa kukukosoa. Dojo, yaani ukumbi wa kufundishia sanaa hizi, ikiwepo karibu ni bora zaidi, ila isipokuwepo bado unaweza kuanza.

Hatua ya 1: Chagua sanaa moja, kazi moja na namba moja

Usichukue sanaa tatu kwa mpigo. Chagua moja inayogusa kasoro yako, hata kama moyo unapenda nyingine.

Ukiwa mtu wa kuogopa kukosea mbele za watu au kukataliwa na wateja, nenda judo au aikido, kwa sababu huko somo la kwanza ni kuanguka. Ukiwa na haraka, yaani unatuma ujumbe kabla ya kuusoma na unajibu kabla mwenzako hajamaliza, dawa yako iko kwenye kyudo. Dojo za kyudo ni adimu mno Afrika Mashariki, lakini mpangilio wake wa hatua nane unafanya kazi hata bila upinde, na tutautumia hapa. Kazi yako ikiwa na makosa madogomadogo ya kutokuangalia, chukua shodo, unayoweza kuifanya mezani nyumbani. Wanaohudumia watu hotelini, hospitalini au mapokezi wana mengi ya kupata kwenye chado. Karate inamfaa mtu anayeanza vitu na kuviacha, na ndiyo rahisi kuipata: dojo zake zipo katika miji mingi ya Tanzania na Kenya. Judo nayo ipo Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar.

Kisha chagua jambo moja la kazini. Liwe dogo na linalojirudia angalau mara tatu kwa wiki: kutuma ankara, kufunga hesabu za duka jioni, kupokea malalamiko ya mteja, kukabidhi zamu wodini. "Kuwa kiongozi bora" si jambo la kufanyia keiko, maana halina mwanzo wala mwisho na hakuna anayeweza kukuonyesha pale ulipokosea.

Mwisho andika namba moja utakayoihesabu kwa wiki zote 12. Ankara ngapi zimerudishwa na wateja kwa kosa? Hesabu za jioni zimekataa kulingana mara ngapi? Iandike namba ya leo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Bila hiyo utajidanganya, kwa sababu mazoezi mazuri yanapendeza hata yasipoleta kitu.

Ukiitafuta dojo, usilipe kabla ya kwenda kutazama mara mbili. Angalia mambo haya:

- Sakafu. Judo na aikido vinahitaji mikeka ya tatami au ya povu gumu, iliyobanana bila nafasi katikati. Saruji yenye zulia juu haifai.
- Wanaoanza wanafundishwa kuanguka kabla ya kurushwa, au wanarushwa siku ya kwanza?
- Mwanafunzi akigonga mkeka au mwili wa mwenzake mara mbili kuomba kuachiwa, anaachiwa papo hapo?
- Mwalimu anamsogelea mtu mmoja mmoja na kumrekebisha, au anahesabu tu mbele?
- Wakubwa wanawalinda wadogo, au wanawaonea?

Hilo la mwisho lipe uzito. Uhusiano wa mkubwa na mdogo katika dojo ni mzuri unapobeba malezi, na ni sumu unapobeba fimbo. Japani yenyewe imelipa gharama yake: mwaka 2013 kocha mkuu wa timu ya taifa ya judo ya wanawake alijiuzulu baada ya wanamichezo 15 kulalamika kuwa wanapigwa na kudhalilishwa mazoezini. Ukiona kofi linaitwa nidhamu, ondoka. Na ukiwa bosi, usiyapeleke mambo hayo kazini ukiyaita "utamaduni wa Kijapani".

Hatua ya 2: Tengeneza mlango (wiki ya 1)

Ukiingia dojo unavua viatu na kuvigeuza vidole vielekee nje, tayari kwa kutoka. Unasalimu mlangoni kwa kuinama, unapiga magoti, unafumba macho muda mfupi, na darasa linaanza. Mwisho unafanya hivyohivyo. Adabu hii huitwa rei, na kazi yake ni kuupa mwili alama: kabla ya hapa ulikuwa mtaani, baada ya hapa uko kazini.

Ni vizuri kulisema wazi jambo ambalo wanafunzi wengi wa kwetu hulibeba kimyakimya. Kuinama kwa rei ni salamu na heshima kwa mwenzako, si ibada. Hata hivyo, kama dini yako inakufanya usite kuinama mbele ya mtu au picha ukutani, mweleze mwalimu kabla ya siku ya kwanza, faragha, kwa maneno machache. Mkubaliane utafanya nini badala yake, kwa mfano kutikisa kichwa kidogo. Kulizungumza mapema ni rahisi kuliko kusimama wima katikati ya mstari wa watu ishirini.

Mlango wako wa kazini uchukue dakika tatu, si zaidi. Ondoa mezani kila kisichohusu jambo ulilochagua. Simu igeuke kifudifudi au ikae kwenye droo. Andika kwenye daftari sentensi moja: leo naanza na nini. Kaa wima, nyayo zote mbili sakafuni, pumua polepole mara tano, halafu anza. Jioni rudia kinyume: andika ulipoishia, rudisha vitu mahali pake, acha ukurasa wa kesho wazi juu ya meza. Vile viatu vilivyogeuzwa nje ndivyo hivyo: unajitayarishia hatua inayofuata ukiwa bado na akili ya kutosha kuifikiria.

Linaloharibika hapa ni urefu. Mtu anaongeza mshumaa, muziki na kahawa, mlango unafika dakika 20, na siku yenye dharura anauacha wote.

Hatua ya 3: Jifunze kuanguka (wiki ya 1 na ya 2)

Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji, Tokyo, alikuwa na chumba cha mikeka 12 tu, karibu mita 20 za mraba. Hadi leo anayeanza judo anatangulizwa kwenye ukemi, yaani namna ya kuanguka. Sababu ni ya kimwili kabisa: anayeogopa kuanguka hukaza mwili, na mwili uliokazana hausogei, haujifunzi, na ni rahisi kuuangusha.

Ukemi wa kurudi nyuma hufanywa hivi. Chuchumaa, nyosha mikono mbele kwa urefu wa mabega, viganja vikielekea chini. Vuta kidevu kifuani na uangalie fundo la mkanda wako. Macho yasitoke hapo mpaka mwisho. Jiachie nyuma ukitanguliza makalio karibu kabisa na visigino, mgongo ukiwa umepinda kama chombo cha kubembea. Pale mgongo wa juu unapogusa mkeka, piga mkeka kwa mikono yote miwili kwa pamoja, kuanzia kiganja hadi kiwiko, mikono ikiwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45 kutoka ubavuni. Toa pumzi wakati wa kupiga. Miguu inyanyuke kidogo, isipite juu ya kichwa.

Kile kipigo si mbwembwe. Kinausambaza mshindo kwenye eneo kubwa, na kinaipa mikono kazi ili isikimbilie nyuma kuzuia.

Makosa manne hujirudia. Kidevu kikiinuka, kisogo kinagonga chini. Hili ndilo la hatari kuliko yote. Mkono ukitangulia nyuma kuzuia, kifundo au kiwiko kinapokea uzito wa mwili mzima. Mikono ikifunguka hadi usawa wa mabega, bega linavutika. Na ukipiga baada ya mgongo kutua, umepiga kelele tu.

Wiki ya kwanza fanya mara 10 ukiwa umelala chali na mara 10 ukiwa umekaa, basi. Wiki ya pili ongeza 10 za kuchuchumaa. Za kusimama ni za dojo, mbele ya mwalimu. Mwenye matatizo ya shingo, mgongo au mifupa, na mama mjamzito, waone daktari kwanza. Ukigonga kichwa na kikauma, mazoezi yamekwisha kwa siku hiyo hata kama unajisikia nafuu, nenda hospitali.

Sasa upeleke kazini. Kuanguka kwa kazini ni "hapana" ya mteja, swali usilolijua, au kosa lako lililogundulika. Vilevile kunafanyiwa mazoezi kabla. Keti na mwenzako dakika 10. Yeye akukatalie mara tano kwa sababu tano tofauti: bei, muda, ubora, mshindani, na "nitakupigia". Kila mara jibu lako liwe na sehemu tatu tu: pokea alichosema kwa maneno yake mwenyewe, uliza swali moja, nyamaza. Asiyezoea huanza kujitetea hapo hapo, na huko ndiko kutanguliza mkono nyuma.

Kwa kosa ulilofanya wewe, andaa leo karatasi yenye mistari minne: nini kimetokea, kimeharibu nini hadi sasa, nimeshazuia nini, nahitaji nini kutoka kwako. Siku kosa likitokea, ijaze na uifikishe kwa mhusika ndani ya saa moja. Taarifa inayochelewa ni ile mikono inayopiga mkeka baada ya mgongo kufika.

Hatua ya 4: Jenga kata ya kazi yako (wiki ya 3 hadi ya 6)

Kata hapa si ile ya diwani. Ni mfululizo wa vitendo uliopangwa, unaofanywa kwa mpangilio uleule kila mara. Mfano mzuri kuliko yote kwa mtu wa ofisini ni kyudo. Upinde wake ni mrefu, kama sentimita 221, na shabaha ya kawaida ina kipenyo cha sentimita 36 kwa umbali wa mita 28. Mpigaji hupita hatua nane: kuweka miguu, kusimamisha kiwiliwili, kushika uzi na kuitazama shabaha, kuinua upinde, kuvuta kwa kugawanya nguvu kushoto na kulia, kutulia kwenye mvuto kamili, kuachia, na kubaki palepale umbo likiwa halijavunjika. Kuachia mshale ni hatua moja tu kati ya nane, na ni ya saba. Hatua ya sita huitwa kai. Ya nane huitwa zanshini, usikivu unaobaki baada ya tendo.

Wapigaji wana ugonjwa wao unaoitwa hayake: mshale unaondoka kabla ya kai, mkono unaachia wenyewe mara tu macho yanapolenga. Chanzo chake ni akili kukimbilia matokeo. Mwalimu hamkemei mgonjwa wa hayake. Anamrudisha kwenye makiwara, robota la majani lililofungwa, lililo umbali wa takriban urefu wa upinde. Pale haiwezekani kukosa, kwa hiyo hakuna cha kukimbilia, na mwili unajifunza tena kutulia.

Tuchukue kazi ya kutuma ankara na kuivisha umbo hilo:

1. Funga kila kitu kingine kwenye skrini. Fungua faili la mteja mmoja.
2. Soma oda yake neno kwa neno kutoka kwenye karatasi, si kutoka kichwani.
3. Weka pembeni hati ya kupokelea mzigo. Linganisha jina la mteja na namba ya oda.
4. Jaza bidhaa na idadi.
5. Jaza bei, kisha jumlisha mara mbili. Mara ya pili anzia chini kwenda juu.
6. Kai. Ankara imekamilika: ondoa mikono kwenye kibodi. Pumua mara tano. Soma jina, jumla na tarehe kwa sauti ya chini.
7. Sasa ndipo uweke anwani ya mpokeaji na kutuma.
8. Zanshini. Hakikisha imeondoka na kiambatisho kimo. Iandike daftarini pamoja na siku ya kuifuatilia. Kisha fungua faili la mteja mwingine.

Anwani imewekwa hatua ya 7 makusudi. Ujumbe usio na mpokeaji hauwezi kutumwa kwa bahati mbaya. Hiyo ndiyo makiwara yako. Wakala wa pesa kwa simu anaweza kufanya hivyohivyo: jina linalojitokeza kwenye skrini lisomwe kwa sauti na mteja aseme "ndiye" kabla ya namba ya siri. Nesi anayekabidhi zamu, kai yake ni kusimama kando ya kitanda na kurudia jina la mgonjwa na dawa iliyobaki kabla ya kuweka saini.

Unapojenga kata yako, hatua zisizidi nane. Kila hatua iwe kitendo kinachoonekana. "Kuwa makini" haionekani, "soma kwa sauti" inaonekana. Iandike kwa mkono na uiweke mahali unapofanyia kazi. Halafu, na hapa ndipo watu wengi hushindwa, usiibadilishe hata neno moja kwa wiki nne. Siku ya tatu utaona njia ya mkato. Iandike nyuma ya daftari na uendelee na kata kama ilivyo. Mara nyingi ile hatua unayotaka kuiruka ndiyo iliyo kinyume na tabia yako, na kwa sababu hiyo ndiyo unayoihitaji.

Hatua ya 5: Rudia kipande, si kitu kizima (wiki ya 7 na ya 8)

Katika judo kuna zoezi la uchikomi: mchezaji anaingia kwenye mtupo hadi pale mwenzake anapokuwa mwepesi miguuni, anarudi, anaingia tena, bila kutupa. Huhesabiwa kumi kumi, na mara nyingi ya kumi ndiyo ya kutupa kweli. Faida ni kwamba kipande kigumu kinapata marudio mengi bila uchovu wa kuanguka na kuinuka.

Tafuta ndani ya kata yako kipande kimoja kinachovunjika zaidi. Daftari litakuwa limekwisha kukuonyesha. Kama ni sekunde 20 za mwanzo za kuzungumza na mteja, simama, washa kinasa sauti cha simu, ziseme mara 10. Sikiliza ya 1 na ya 10 tu. Pumzika dakika mbili, fanya seti nyingine. Seti tatu kwa siku zinatosha.

Kanuni ya kusimama: umbo likivunjika mara mbili mfululizo, acha. Kuendelea ukiwa umechoka kunaujengea mwili umbo bovu, na litakuchukua muda mrefu zaidi kulifuta kuliko ulivyolijenga.

Hatua ya 6: Tafuta wino mwekundu (wiki ya 7 hadi ya 10)

Shodo ndiyo inayofundisha kukosolewa kuliko sanaa zote, kwa hiyo hata usipoichagua ifanye mara chache ujue ladha yake. Vifaa vyake vinne ni brashi, wino, jiwe la kusagia wino, na karatasi. Karatasi ya mazoezi ni kama sentimita 24 kwa 33, huwekwa juu ya kitambaa laini na kukandamizwa juu kwa chuma kizito. Kwa kuanzia, brashi ya mviringo yenye ncha inayochongoka, wino mweusi na magazeti ya zamani vinatosha. Hata Japani magazeti hutumika kwa mazoezi.

Keti nyayo chini, ngumi moja iingie kati ya tumbo na meza. Brashi isimame wima, kiwiko kisilale mezani. Anza na herufi ya "moja", ambayo ni mstari mmoja wa kulala: 一. Unaonekana mwepesi, kumbe una sehemu tatu. Ncha inashuka ikiwa imeegemea nyuzi 45 na kutulia kidogo. Mkono mzima unasogea kulia, si vidole. Kisha brashi inasimama, inakandamizwa kidogo na kuinuliwa. Andika kurasa tano tu, polepole. Baadaye utaingia kwenye herufi ya "milele", 永, ambayo kwa desturi hutumika kufundishia mapigo nane ya msingi.

Wino ukisambaa kama doa la mafuta, una maji mengi au brashi haikukamuliwa ukingoni mwa jiwe. Mstari ukitetemeka, unasogeza vidole badala ya bega. Na usirudie kupaka juu ya mstari uliokwisha kuandikwa. Wino wa pili huonekana juu ya wa kwanza, lakini hasara kubwa ni kwamba mkono unazoea kutegemea nafasi ya pili.

Mwalimu wa shodo anaposahihisha hachukui kalamu na kuandika maelezo. Anachukua brashi yenye wino mwekundu na kuchora juu ya mstari wako mahali ulipopaswa kupita. Palipo pazuri anazungushia duara. Unaviona vyote kwa mpigo: ulipopita wewe, panapotakiwa, na palipo sawa tayari.

Kazini mtafute mtu mmoja anayeijua kazi hiyo vizuri, asiwe rafiki wa kukupendezesha wala mtu mnayegombea naye cheo. Mwombe hivi: "Mzee, naomba kila Ijumaa dakika kumi. Nitakuletea kazi moja. Nionyeshe kosa moja kubwa kwa kalamu nyekundu, na sehemu moja nzuri." Kosa moja, si kumi, kwa sababu kwa wiki moja huwezi kurekebisha kumi. Wewe wakati huo sema "asante" na uandike. Maelezo ya kwa nini ulifanya vile hayahitajiki, akitaka atauliza. Ijumaa inayofuata mpelekee kazi nyingine, ukimwonyesha kwanza kosa la wiki iliyopita limeishia wapi. Ukiruka hilo, wiki ya tatu atachoka nawe, na atakuwa na haki.

Hatua ya 7: Jiko la nyuma (wiki ya 9 na ya 10)

Hii ni fupi. Mgeni wa chado anaona bakuli moja la chai: kama gramu 2 za unga wa matcha, mililita 60 hadi 70 za maji ya nyuzi 80 hivi, mapigo ya haraka ya kipigio cha mianzi. Haoni mizuya, chumba cha nyuma ambako kila chombo kimepangwa kwa mpangilio wa kutumika kwake, na ambako baadaye kila kimoja kitaoshwa na kurudishwa. Mwenyeji akisahau kijiko huko nyuma, utulivu wote wa mbele umeharibika.

Kwa hiyo dakika 10 kabla ya kikao chochote pita chumbani ukiwa mgeni wako: ukae kwenye kiti chake, uone anachokiona. Chaja, maji, karatasi ya ajenda, kalamu inayoandika, jina la kila anayekuja. Baada ya kikao usiondoke kabla ya kuandika nani anafanya nini na lini.

Hatua ya 8: Mpe kata yako mpinzani (wiki ya 11)

Kano aliweka kata na randori, mazoezi huru, bega kwa bega, kwa kuwa umbo lisilokutana na upinzani halijulikani kama lina nguvu. Mwombe mwenzako akusumbue makusudi: apige simu ukiwa hatua ya 4, alete oda yenye jina lililokosewa, awe mteja mwenye hasira asiyeruhusu umalize sentensi. Dakika tatu, kisha pumziko, mara nne. Sheria ni moja: ukivurugwa, rudi mwanzo wa hatua uliyokuwapo, usirukie iliyo mbele. Ugumu uongezeke kidogo kidogo. Randori ya kumshinda mtu na kumcheka haifundishi, na atakayeumia ni yule uliyemhitaji kama mwenza.

Daftari

Kila siku mistari mitatu, dakika mbili. Umbo limevunjika hatua ya ngapi? Kwa nini? Kesho narekebisha kitu gani kimoja? Ukikosa siku moja, andika tarehe na uiache tupu. Usijaze kwa kumbukumbu. Ukikosa tatu mfululizo, shida si uvivu. Ama saa uliyochagua si yako, ama kata ni ndefu. Hamisha saa kwanza, kwa kuwa ndiyo rahisi.

Wiki ya 12: Kagua, kisha badilisha hatua moja

Katika sanaa hizi safari ya mwanafunzi hugawanywa katika sehemu tatu: shu ni kulinda umbo, ha ni kulivunja, ri ni kuachana nalo. Wiki 12 ni mwanzo wa shu tu. Kodokan ilitoa dani, yaani daraja za mkanda mweusi, za kwanza mwaka 1883, na jina la dani ya kwanza, shodani, limebeba neno lenye maana ya mwanzo. Mkanda mweusi unamtambulisha mtu aliyekwisha kujua alfabeti.

Fungua ukurasa wa kwanza, linganisha namba. Ikiwa imeshuka, chukua zile njia za mkato ulizoziandika nyuma ya daftari, uchague moja tu, uiingize kwenye kata na uifanye wiki nne bila kugusa nyingine. Ukibadilisha mbili kwa pamoja hutajua ni ipi iliyosaidia. Namba ikiwa palepale, hesabu siku ulizofanya kweli. Zikiwa chini ya 40 kati ya 60, bado hujaijaribu kata. Rudia wiki ya 3 hadi ya 6. Zikiwa zaidi ya hapo, umechagua jambo kubwa mno: likate nusu, chukua nusu ya kwanza, uijengee kata yake ya hatua tano, na Jumatatu uanze tena kwenye mlango.